"Utafiti umebaini": sawa, lakini ni wangapi kati ya wangapi? Uzi wa kuchambua habari za sayansi zilizoandikwa vibaya

#1 Mzani

Salaam wakuu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya habari za sayansi na afya zinazotufikia zikiwa zimepindishwa. Utaratibu ni mwepesi: weka dai lenyewe, taja utafiti lilikotoka, onyesha palipokosewa, kisha weka namba iliyo sahihi. Tunachambua maandishi, mwandishi tunamwacha.

Naanza na dai linalorudi kila mara tangu Oktoba 2015: "Soseji ni hatari sawa na sigara."

Kilichotokea ni hiki. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliwaita wataalamu 22 kutoka nchi 10 wakapitia tafiti zaidi ya 800. Nyama iliyosindikwa (soseji, bekoni, hemu, salami) wakaiweka Kundi la 1, yaani upo ushahidi wa kutosha kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku nayo imo Kundi la 1. Waandishi wakaona vyote vimo kapu moja, wakahitimisha kwamba ukali wake ni mmoja.

Hapo ndipo kosa lilipo. Makundi ya IARC yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Nyuki na swila wote wana sumu, jambo hilo halina ubishi, ila halijakuambia ni yupi anaua wangapi. Kundi hilohilo lina pombe, mwanga wa jua, asbesto, na aflatoksini, ile sumukuvu ya mahindi na karanga. Kwa makadirio ambayo WHO yenyewe iliyataja wakati ule, vifo vya saratani kwa mwaka duniani vinavyohusishwa na ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa vilikuwa kama 34,000. Vya tumbaku vilikuwa kama milioni 1, na vya pombe 600,000.

Kosa la pili ni ile "asilimia 18". Ripoti ilisema kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zikiliwa kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Swali la kwanza kuuliza: asilimia 18 ya nini? Uingereza, katika watu 100, kama 6 huipata saratani hii katika maisha yao. Asilimia 18 ya 6 ni 1.08. Kwa hiyo watu 100 wakila gramu 50 kila siku ya Mungu, badala ya wagonjwa 6 tunatarajia 7. Hao 6 wangeugua hata bila soseji, 93 hawataugua hata wakila, na mmoja ndiye ongezeko.

Angalieni kwamba hiyo 6 ni ya Uingereza. Afrika Mashariki kiwango cha msingi ni kidogo zaidi, kwa hiyo hata ongezeko halisi litakuwa dogo zaidi. Ukichukua asilimia ya ongezeko bila kiwango cha msingi cha watu unaowaandikia, hujampa msomaji kitu cha kufanyia uamuzi.

#2 Kokotoo

Mkuu Mzani, naongeza mfano unaoonyesha kwamba hili jambo linaumiza watu kweli.

Oktoba 1995, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu vinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, yaani asilimia 100. Vyombo vya habari vikaipokea hivyohivyo na wanawake wengi wakaacha vidonge.

Namba zenyewe: kwa vidonge vya zamani, mwanamke 1 kati ya 7,000 alipata tatizo hilo. Kwa vipya, 2 kati ya 7,000. Ongezeko ni mwanamke mmoja katika 7,000. Mwaka uliofuata, utoaji mimba Uingereza na Wales uliongezeka kwa takribani 13,000. Na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

"Mara mbili" ilikuwa kweli kihesabu. Kilichokosekana ni hiyo 7,000.

#3 Nesi_wa_Zamu

Nina dai moja na swali moja. Dai linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Chanjo ya malaria ya R21 inakinga watoto 77 kati ya 100, waliobaki 23 wataugua."

Nimefungua makala ya utafiti wa Nanoro, Burkina Faso, ya 2021. Kundi lililopata chanjo yenye kiambata kingi (kiambata ni kitu kinachoongezwa kwenye chanjo ili kuamsha kinga zaidi) lina watoto 146, walioumwa malaria ndani ya miezi 6 ni 38, sawa na asilimia 26. Kundi la kulinganishia lina watoto 147, walioumwa 105, asilimia 71. Kwa hiyo hata walioumwa si 23. Nikikokotoa 1 toa 26/71 napata karibu 63. Hiyo 77 imetoka wapi?

#4 BintiTakwimu

Dada Nesi, swali lako ni zuri sana na watu wachache hulifikia, kwa sababu wengi huishia kwenye muhtasari.

Kwanza hilo dai. Ufanisi wa chanjo wa asilimia 77 hausemi kwamba watoto 77 kati ya 100 wamekingwa. Unasema kwamba kasi ya kuugua kwa waliochanjwa ni ndogo kwa asilimia 77 kuliko kasi ya kuugua kwa wasiochanjwa, mahali palepale na kipindi kilekile. Mahali malaria ni chache, katika watoto 100 waliochanjwa labda asiumwe hata mmoja. Nanoro, ambako malaria ni kali, waliumwa 26 kati ya 100.

Sasa tofauti ya 63 na 77. Hesabu yako haina kosa, ila inajibu swali jingine. Wewe umelinganisha watoto walioumwa angalau mara moja hadi mwezi wa 6. Wao walilinganisha kasi ya kuumwa miongoni mwa watoto ambao bado hawajaumwa. Kwenye kundi la kulinganishia, lililopewa chanjo ya kichaa cha mbwa, watoto waliumwa haraka sana. Mtoto akishaumwa mara ya kwanza anatoka kwenye hesabu, kwa hiyo kadiri msimu unavyosonga waliobaki wa kuumwa wanapungua. Ukihesabu vichwa vya mwisho tu, kasi ile haionekani tena.

Unaweza kuihakiki kwa kikokotoo cha simu chenye kitufe cha ln (logi asilia), ambacho hugeuza sehemu ya watoto ambao hawakuumwa kuwa kasi ya kuumwa:

ln(1 − 0.26) = −0.301
ln(1 − 0.71) = −1.238
0.301 ÷ 1.238 = 0.24
1 − 0.24 = 0.76

Umefika 76. Ile pointi moja inatokana na wao kutumia siku halisi ambayo kila mtoto aliumwa, wakati sisi tumetumia idadi ya mwisho.

Jambo la tatu ambalo vichwa vya habari viliacha: pale Nanoro dozi zilitolewa kabla ya msimu wa malaria, wakati kinga ikiwa juu. Kwenye majaribio ya awamu ya tatu, yenye watoto zaidi ya 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, ufanisi wa mwaka mmoja ulikuwa asilimia 75 kwenye vituo vilivyochanja kwa msimu, na 68 kwenye vituo vilivyochanja kwa kufuata umri wa mtoto, bila kujali mwezi, vikiwemo Bagamoyo na Kilifi. Kwa msomaji wa Tanzania na Kenya, namba ya kumpa ni 68.

#5 Mzani

Hapo BintiTakwimu umenifungua macho. Na kuna upande wa pili wa jambo hilihili, wa habari nzuri kuandikwa kama mbaya.

Chanjo iliyotangulia, RTS,S, ilijaribiwa kwenye vituo 11 vya nchi 7, pamoja na Korogwe, Bagamoyo, Kilifi, Kombewa na Siaya. Matokeo ya mwisho ya 2015: kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, ufanisi ulikuwa asilimia 36 katika ufuatiliaji wa takribani miaka 4. Ikaandikwa "chanjo dhaifu". Lakini ripoti hiyohiyo inasema kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, matukio 1,774 ya malaria yalizuiwa.

Msomaji anauliza: watoto 1,000 wamezuiliwaje matukio 1,774? Kwa sababu kizio si mtoto, ni tukio la kuumwa. Mtoto wa Siaya anaweza kuumwa malaria mara kadhaa kwa mwaka. Palipo na ugonjwa mwingi, asilimia ndogo inaokoa wengi. Kwa hiyo ukishauliza "kati ya wangapi", uliza pia "wangapi wa nini": watu, matukio, vifo, au siku za kulazwa?

#6 Jabali

Kwa hiyo tukubaliane tuachane kabisa na asilimia za ulinganisho, tutumie tofauti halisi tu. Mfano tohara ya wanaume na VVU, utafiti wa Kisumu uliochapishwa 2007: wanaume 2,784, waliotahiriwa na wasiotahiriwa, miaka miwili. Maambukizi yalikuwa asilimia 2.1 dhidi ya 4.2. Magazeti yaliandika "yapungua zaidi ya nusu". Ukweli ni kwamba yalipungua asilimia 2.1 tu.

#7 BintiTakwimu

Kaka Jabali, hapana, na sentensi yako ya mwisho ina kosa ambalo ni lazima tulisahihishe hapahapa. Kutoka 4.2 hadi 2.1 ni kupungua kwa *pointi* 2.1 za asilimia. Ukisema "yalipungua asilimia 2.1", msomaji atachukua asilimia 2.1 ya 4.2, atapata 0.09, na ataelewa kwamba maambukizi yalishuka hadi 4.11. Pointi na asilimia ni vitu viwili. Kosa hili liko hata kwenye habari za mfumuko wa bei na matokeo ya mitihani.

Na kuhusu kuachana na ulinganisho: tofauti halisi inabebana na muda na mahali. Pointi 2.1 ni za vijana wa Kisumu kwa miaka miwili. Ukifuatilia miaka kumi zitakuwa nyingi zaidi, na ukihamia mji wenye maambukizi machache zitapungua. Ile nusu ndiyo inayohama vizuri kutoka mahali hadi mahali: Rakai, Uganda, maambukizi yalikuwa 0.66 dhidi ya 1.33 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji wa mtu (mfano watu 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja), nusu tena. Kwa hiyo andika vyote viwili. Ukitaka kumsaidia mtu wa bajeti, gawanya 1 kwa 0.021, utapata kama 48: ukitahiri wanaume 48 pale Kisumu, umezuia ambukizo moja ndani ya miaka miwili.

#8 Jabali

Nimekubali, pointi. Asante dada.

#9 Darubini

Naleta dai la upande wa maabara: "Majani ya mpapai yanaua seli za saratani, wanasayansi wathibitisha." Kuna mengine ya namna hii kuhusu mstafeli, tangawizi, mlonge. Karibu yote yana asili moja: dondoo la mmea limemwagwa kwenye sahani yenye seli, na seli zimekufa.

Seli kwenye sahani hufa kwa vitu vingi. Chumvi nyingi inaziua. Sabuni inaziua. Kimiminika kilichotumika kuyeyusha dondoo, kama ethanoli au DMSO, chenyewe kinaziua kikizidi. Kwa hiyo unapofungua makala, nenda sehemu ya mbinu utafute vitu vitatu. Je, walikuwa na sahani yenye kiyeyushi peke yake bila dondoo? Je, walijaribu pia seli za kawaida, zisizo za saratani? Kama zote zinakufa kwa kipimo kilekile, hiyo ni sumu. Na kipimo chenyewe kilikuwa mikrogramu ngapi kwa mililita? Taasisi ya saratani ya Marekani, NCI, katika uchujaji wake wa mimea ilihesabu dondoo ghafi kuwa la kufuatilia likipunguza ukuaji wa seli kwa nusu chini ya mikrogramu 30 hivi kwa mililita. Ukikuta makala inashangilia 500, jua kwamba hapo hakuna cha kutangaza.

Tufanye hesabu ya hiyo 500. Maji ya damu ya mtu mzima, yaani plazma, ni kama lita 3, au mililita 3,000. Mara 500 ni gramu 1.5 za dondoo zikiwa ndani ya damu kwa wakati mmoja. Tuchukulie gramu 10 za majani makavu zinatoa gramu 1 ya dondoo: unahitaji gramu 15 za majani, na hapo umedhani kwamba chote kimepenya utumbo, ini halijagusa kitu, na hakuna kilichoingia kwenye misuli wala mafuta. Ukikitawanya kwenye maji yote ya mwili, kama lita 40, unahitaji gramu 200 za majani makavu kwa mkupuo. Kikombe cha chai ya majani hakifiki huko.

Sisemi mimea haina dawa. Tu Youyou wa China alipata Nobel mwaka 2015 kwa kutoa artemisinini kwenye mmea wa *Artemisia annua*. Lakini tazameni njia aliyopita. Dondoo za mwanzo hazikutoa matokeo thabiti, akagundua kwamba joto linaharibu kiini cha dawa, akatumia etha ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 dondoo likafuta vimelea kwa panya. Wagonjwa wakafuata 1972. Leo dawa ya mseto, ALu, ina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini kwa kidonge, dozi 6 ndani ya siku 3, na kila kidonge kina kiasi kilekile. Chai ya artemisia haina uhakika huo wa kiasi, ndiyo maana WHO haiungi mkono kuitumia kutibu malaria: dawa kidogo isiyotosha inawaacha vimelea hai na kuwafundisha usugu.

Ombi langu kwa wanaoandika: neno "panya" au "seli kwenye sahani" liwe kwenye kichwa cha habari, lisisubiri aya ya nane.

#10 Kokotoo

Kwenye michoro nina kipimo kimoja cha rula. Pima urefu wa nguzo kwa milimita, gawanya ndefu kwa fupi. Kisha gawanya namba zenyewe. Majibu mawili yakitofautiana sana, mchoro umepotosha. Mfano: nguzo za 62 na 66, mhimili ukianzia 60. Kwa macho, ya pili ni ndefu mara 3. Kwa namba ni mara 1.06. Pia picha za watu au magunia zinazokuzwa: ukiongeza urefu mara 2 na upana nao ukakua mara 2, eneo limekuwa mara 4, na jicho linasoma eneo. Kila mchoro lazima uanzie sifuri.

#11 Darubini

Kila mchoro wa *nguzo*, mkuu. Kwa nguzo uko sahihi, maana urefu ndio ujumbe. Mchoro wa mstari unaonyesha mwenendo, na sifuri inaweza kuficha jambo. Wastani wa joto la dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu mwisho wa karne ya 19. Ukiuchora kutoka sifuri hadi 60 utaona mstari umelala kabisa, na nyuzi hiyo moja ina uzito mkubwa kwa mvua na barafu. Tena sifuri ya selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, si mwanzo wa joto. Cha lazima kwa mstari ni mhimili wenye namba zinazosomeka na kipindi ambacho hakikuchaguliwa ili kuficha kilichotangulia.

#12 BintiTakwimu

Kabla hatujasahau: idadi ya vipimo. Mwaka 2015 John Bohannon na wenzake walifanya jaribio la makusudi Ujerumani kuonyesha udhaifu huu. Watu 15, makundi matatu, wiki 3, moja likila chokoleti kila siku. Wakapima vitu 18: uzito, kolesteroli, sodiamu, usingizi na vingine. Wakapata kwamba chokoleti inaharakisha kupunguza uzito, jarida likaichapisha, na habari ikaenea nchi nyingi.

Kila kipimo kina nafasi ya asilimia 5 ya kuonyesha "tofauti" ya bahati nasibu. Kwa vipimo 18 vinavyojitegemea, nafasi ya kutopata tofauti hata moja ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 18, sawa na 0.40. Yaani asilimia 60 utapata kitu cha kutangaza hata kama hakuna kitu. Tafuta kama walisajili mapema kipimo kikuu watakachoangalia. Usajili wa majaribio uko wazi mtandaoni, na inachukua dakika mbili kulinganisha kilichoahidiwa na kilichochapishwa.

#13 Mhariri_wa_Usiku

Shukrani kwenu. Dawatini kuna dakika 20 kabla ukurasa haujafungwa. Nianzie wapi?

#14 Mzani

Ndugu Mhariri, fungua makala yenyewe, achana na taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari. Soma jedwali la kwanza: ni nani waliochunguzwa, wangapi, nchi gani. Kisha tafuta idadi ghafi ya kila kundi, kama Nesi alivyofanya. Ukikosa idadi ghafi, usitumie asilimia kwenye kichwa. Angalia kama watafiti walipanga nani apate nini au waliangalia tu watu walivyojichagulia. Kama waliangalia tu, kitenzi chako ni "inahusishwa na", wala si "inasababisha". Dakika zilizobaki mpigie mtaalamu mmoja ambaye jina lake halimo kwenye makala.

Soseji ingeandikwa hivi: "Kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana kutoka kama 6 hadi 7 kati ya watu 100 nchini Uingereza; wataalamu wa IARC wana uhakika kwamba nyama hiyo inasababisha saratani." Ni ndefu, lakini kila neno lina kazi.

#15 Nesi_wa_Zamu

La mwisho kwangu: "Chai ya moto inasababisha saratani ya koo." Hii nayo ni IARC?

#16 Darubini

Ni IARC ya 2016, na kosa liko kwenye majani ya chai kulaumiwa. Walichoweka Kundi la 2A, yaani "kuna uwezekano mkubwa kinasababisha", ni kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa juu ya nyuzi 65 za selsiasi, hata maji matupu. Saratani yenyewe ni ya umio, njia ya chakula, na ukanda wetu kutoka Ethiopia hadi Malawi unayo kwa wingi, kwa hiyo tusiipuuze. Chai ya maziwa ya kwetu huchemshwa pamoja, hakuna maziwa baridi ya kuongeza mezani, inamiminwa ikiwa karibu na kuchemka. Kikombe cha bati chenye mfuniko kinashika joto muda mrefu. Kumimina kwenye kisahani kunalishusha haraka kwa sababu uso wa chai umekuwa mpana. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kitumbukize mara moja uone kikombe chako kinachukua dakika ngapi kushuka chini ya 60, halafu subiri dakika hizo kila siku.